Terariamu ya kwanza ya vyura wa mishale: ukiona hili, anza na lile

Anayetaka kufuga vyura wa mishale kwa mara ya kwanza huuliza habari za chura: anakula nini, ana sumu kiasi gani, anaishi miaka mingapi. Lakini matatizo yanayokuja baadaye ukiyafuata hadi mzizi wake, mengi yanaanzia kwenye terariamu, yaani tangi la kioo wanamoishi: hewa, maji, joto na chupa za kukuzia nzi wa kuwalisha. Kwa hiyo mwongozo huu una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya tangi ambalo bado halina chura. Hiyo ndiyo ya kusoma mara mbili, maana kosa likigundulika wakati huo hakuna anayeumia.

La sumu tulimalize hapa hapa. Vyura hawa wa familia ya Dendrobatidae ni wenyeji wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, na sumu yao hutokana na wanavyokula porini, hasa sisimizi na utitiri. Aliyezaliwa kwenye tangi na kukuzwa kwa nzi wa matunda hana sumu hiyo. Hata hivyo usimshike ovyo. Ngozi yake hunyonya chochote kilichopo mkononi mwako, iwe sabuni, losheni au dawa ya mbu.

Vipimo vya kuanzia: tangi la sentimita 45 kwa 45 kwa 45 linawatosha vyura wawili wa ukubwa wa Dendrobates tinctorius au D. leucomelas. Joto liwe 21 hadi 26 °C mchana. Usiku likishuka hadi 18 au 20 hakuna shida. Taa iwake saa 12. Chini kabisa weka kokoto nyepesi za udongo wa kuchoma, sentimita 5 hivi, juu yake neti, kisha udongo mwepesi uliochanganywa makumbi ya nazi, magome na mkaa, na juu kabisa majani makavu ya kutosha chura kujificha. Tangi likishapandwa, liache wiki sita au nane bila chura.

SEHEMU YA KWANZA: TANGI BADO LITUPU

Joto linapita 27 °C

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloamua kama ufuge au usifuge. Vyura hawa huvumilia ubaridi zaidi ya wanavyovumilia joto. Saa chache tu juu ya 29 °C zinaweza kuua.

Mara nyingi mkosaji ni taa. Izime siku nzima uone kama joto linashuka. Likishuka, inua taa juu zaidi ya tangi, punguza nguvu yake, au badilisha uweke ya LED isiyotoa joto jingi. Taa ikiwa haina kosa, angalia mahali tangi lilipo. Jua la dirishani hata la nusu saa hugeuza boksi la kioo kuwa jiko. Kabla ya hayo yote, lakini, hakikisha kipimajoto chenyewe hakijakaa chini ya taa moja kwa moja. Kihisi kiwekwe kivulini, usawa wa majani makavu, pale ambapo chura ataishi.

Kama taa imezimwa, dirisha liko mbali na joto bado halishuki, tatizo ni chumba. Feni ndogo inayopuliza juu ya wavu wa mfuniko hupunguza nyuzi kadhaa kwa kukausha maji, ila itakubidi unyunyizie mara nyingi zaidi. Chupa za barafu juu ya mfuniko ni za kuvusha siku moja mbaya, si mpango wa msimu.

Simama hapa: kama msimu wa joto chumba hakikai chini ya 27 °C hata taa ikizimwa, usilete chura mpaka uwe na njia ya kukipoza chumba. Na mkeka wa joto chini ya tangi usiuweke hata kama chumba ni baridi. Hukausha udongo kutokea chini na kuunguza mizizi. Pasha chumba.

Kioo kimejaa mvuke, ndani huoni kitu

1. Hewa haipiti. Wengi hufunika mfuniko wote kwa kioo ili kuhifadhi unyevu. Fungua ukanda wa wavu wa sentimita 5 hadi 8 upande wa nyuma au mbele juu. Tangi lenye tundu la hewa chini ya milango na wavu juu hujisafisha lenyewe, kwa kuwa hewa baridi huingia chini na ya moto hutokea juu.
2. Unanyunyizia kupita kiasi. Ukinyunyizia asubuhi, kioo kiwe kimekauka ndani ya saa chache. Kisipokauka, punguza.
3. Chumba ni baridi kuliko tangi. Hapo mvuke wa alfajiri ni wa kawaida, uache.

Watu wengi hufukuzia asilimia 100 kwenye kipima unyevu. Vile vya duara vya kubandika kioo mimi sivitegemei hata kidogo. Viwili vilivyobandikwa kando kwa kando hutoa namba mbili. Tumia macho na vidole. Chota udongo wa kiganja uubane: ukichuruzika maji umelowa mno, ukimomonyoka kama vumbi umekauka, ukishikana na kuacha vidole na unyevu tu uko sawa. Sehemu za juu za tangi zikauke kila siku, chini pabaki na unyevu. Chura atajichagulia pa kukaa.

Tangi linanuka

Kwanza tambua harufu ya nini. Harufu ya msitu baada ya mvua ndiyo unayoitaka. Ikiwa ya siki, silikoni, yaani gundi iliyotumika kwenye tangi, haijakauka bado. Tabaka nene la silikoni huchukua siku nyingi kuliko inavyoandikwa kwenye tyubu, basi fungua milango na usubiri hadi harufu iishe kabisa. Silikoni iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu haifai hata ikikauka mwaka.

Harufu ya yai viza ni habari nyingine. Maana yake maji yametuama na udongo umekosa hewa. Tazama kando ya kioo: maji ya kwenye kokoto yamefika kwenye neti? Kama ndiyo, yanapanda hadi kwenye udongo. Yavute kwa mpira mwembamba au bomba la sindano mpaka yabaki kidogo tu chini, kisha acha kunyunyizia siku tatu nne. Ikiwa maji yako chini na harufu ipo, ingiza kijiti kwenye udongo pembe zote nne. Kikitoka na tope jeusi linalonuka, ondoa kipande hicho uweke udongo mpya wenye magome na mkaa zaidi. Udongo wa bustani uliojaa mfinyanzi hauokoleki. Bomoa uanze upya. Inauma, lakini inauma zaidi vyura wakiwamo.

Kuvu nyeupe juu ya mbao na majani

Wiki ya pili hadi ya nne karibu kila tangi hupata kuvu kama pamba juu ya kipande cha mbao. Si ugonjwa, ni sukari ya mbao mpya inaliwa. Weka kolembola, wale wadudu weupe wadogo kama punje za chumvi wanaoruka ukiwagusa, pamoja na isopodi weupe wadogo, viumbe wenye magamba wanaokula majani yanayooza, kisha waachie kazi. Kuvu isipopungua baada ya wiki sita, rudi kwenye hewa na maji hapo juu. Usipulize dawa ya kuua kuvu kamwe.

Uyoga wa manjano au wa kijivu ukichomoza, ng'oa kama haukupendezi. Vyura hawaujali.

Kolembola wametoweka

Dalili hii wengi huipuuza, nami naiona kuwa kengele bora kuliko kipimo chochote cha kununua. Inua jani kavu lililolowa chini yake: unapaswa kuona vidoti vyeupe vikitawanyika. Usipoona, weka kipande chembamba cha tango juu ya udongo jioni, ukiangalie asubuhi.

Sababu ya kawaida ni ukavu, halafu njaa kwa kuwa majani yamekwisha. Hizo ni rahisi. Lakini kama udongo una unyevu, majani yapo, na kolembola wapya uliowaongeza nao wamepotea ndani ya siku mbili tatu, shuku sumu ya wadudu iliyokuja na mimea. Mimea ya kwenye vitalu hupuliziwa dawa, na nyingine huingia hadi kwenye utomvu. Jaribu kuachia nzi wa matunda kumi ndani ya tangi lililofungwa. Wakifa wote usiku mmoja, umepata jibu. Toa mimea yote, tupa udongo wake wa kitalu, osha mizizi kwa maji mengi na uikuze nje ya tangi wiki kadhaa. Udongo wa tangi nao utupwe.

Simama hapa: chura asiingie kwenye tangi ambalo kolembola hawaishi. Na kuanzia sasa dawa ya mbu ya kupuliza, manukato ya chumba na rangi ya ukutani visitumike kwenye chumba hicho.

Mimea inaoza au inakauka

Bromelia ikilegea shinani, umeizika. Haitaki udongo, ifunge juu ya mbao, kitovu chake kikiangalia juu. Kangaga likikauka ncha, hewa ya feni inalipiga moja kwa moja. Kuvumwani likigeuka kahawia ilhali limelowa, mara nyingi ni chumvi ya maji ya bomba, ile ile inayoacha madoa meupe kwenye kioo. Nyunyizia maji yaliyochujwa kwa osmosi au yaliyotoneshwa. Maji ya bomba yenye klorini yakilala usiku kucha kwenye ndoo wazi hupoteza klorini, lakini kloramini haiondoki hivyo. Inahitaji dawa ya kuiondoa. Mimea mirefu yenye shina jembamba na majani madogo inadai mwanga.

Chupa za nzi zimekufa, au hazitoi

Hapa ndipo mipango mingi inapoangukia. Mtu ana tangi zuri, ana vyura, na chupa moja ya nzi. Chupa inakufa, na chura hawezi kungoja wiki mbili. Anza kukuza nzi mwezi mzima kabla ya chura, chupa mpya kila wiki, hata ikibidi uwatupe. Nzi wadogo, Drosophila melanogaster, hutoa kizazi kipya kwa wiki mbili hivi kwenye joto la 24 °C; Drosophila hydei, ambao ni wakubwa zaidi, huchukua wiki tatu hadi nne.

Chupa ikiwa na mabuu ukutani halafu yakafa, chakula ndani kimekauka au chumba kimepoa. Ikiwa chakula kimegeuka supu, uliweka maji mengi. Kuvu ya kijani kabla ya mabuu kutokea maana yake uliweka nzi wachache. Anza na hamsini na kuendelea, kwani mabuu yenyewe ndiyo yanayoizuia kwa kuchimbua chakula. Na ukiona vumbi la rangi ya mchanga mdomoni mwa chupa, liangalie kwa kioo cha kukuzia. Likitembea, ni utitiri. Toa chupa hiyo nje ya chumba leo. Zinazobaki zisimamishe kwenye trei ya maji yenye tone la sabuni, zisigusane, na chupa iliyopita mwezi mmoja itupwe hata kama bado inatoa.

Nzi wa kulishia ni wa aina isiyoruka; wakianza kuruka badala ya kutambaa, wamechanganyika na nzi wa porini. Hakuna tiba, anza na mbegu mpya.

SEHEMU YA PILI: VYURA WAMO

Chura haonekani

Kama ana wiki mbili tangu aingie, mwache. D. auratus ni mwoga kwa tabia yake, D. tinctorius hujitokeza zaidi. Sababu inayofuata ni kinyume cha wanavyodhani watu: tangi lina uwazi mwingi. Chura asiye na pa kukimbilia hatoki kabisa. Ongeza majani makavu, weka kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango, na funika kioo cha nyuma na pembeni. Kisha kagua joto; mwenye joto kali hujichimbia chini. Usifukue tangi kumtafuta. Weka kipande cha ndizi mahali pamoja, nzi wakusanyike hapo, nawe kaa mbali asubuhi taa ikiwaka.

Amekonda

Mtazame kutoka juu. Kiwiliwili kiwe kipana kuliko nyonga. Ukiona mifupa miwili ya nyonga imesimama na mstari wa uti wa mgongo umechomoza, amechelewa kusaidiwa kidogo. Fuata mpangilio huu:

1. Chakula hakitoshi. Mkubwa mmoja huanzia nzi wadogo 20 hadi 30, mara nne au tano kwa wiki. Mtoto ale kila siku. Nzi wote wakitoroka kwenye wavu dakika kumi baada ya kuwaweka, hajala. Badilisha wavu uweke wenye matundu madogo zaidi.
2. Mwenzake anamnyima. Soma sehemu ya ugomvi hapa chini.
3. Joto au ukavu.
4. Vimelea vya tumboni. Hali ni hii ikiwa anakula vizuri na bado anapungua.

Kwa la kwanza hadi la tatu, mhamishie kwenye boksi dogo la plastiki lenye karatasi laini iliyoloweshwa, jani moja la kujificha na matundu ya hewa, umlishe peke yake kwa wiki moja. Karatasi hiyo ina faida nyingine: kinyesi kinaonekana. Kama hajanenepa, chukua kinyesi kibichi kwenye kichupa chenye tone la maji, umpelekee daktari wa wanyama anayetibu amfibia akipime kwa hadubini. Dawa za minyoo zipo na zinafanya kazi, lakini kipimo chake kwa mnyama wa gramu tatu nne hakikisiwi jikoni.

Anarusha ulimi, anakosa nzi

Kukosa mara moja moja si kitu. Kaa uangalie: analenga, anarusha, ulimi unafika karibu ya nzi lakini haumnasi, mara tatu nne mfululizo kwa nzi yule yule. Wafugaji huita hali hii ulimi mfupi, na huhusishwa na upungufu wa vitamini A. Angalia unga wa vitamini unaopaka nzi. Umefunguliwa lini? Uliopita miezi sita tangu ufunguliwe, au uliokaa juu ya taa yenye joto na mvuke, utupe. Lebo itaje vitamini A kama retinoli, si beta-karotini peke yake. Nzi watikiswe kwenye kikombe chenye unga hadi wawe weupe, na waliwe mara moja, kwa sababu wakizunguka saa nzima wamejifuta wote.

Usijaribu kufidia kwa kumwaga vitamini maradufu. A ikizidi ni sumu. Chura ambaye tayari anakosa karibu kila nzi aonwe na daktari, kwa kuwa kuna matibabu ya kutiwa mgongoni kwa matone yaliyopimwa.

Hapo hapo kuna kalsiamu. Kioo huzuia miale ya UVB, hivyo taa ya gharama juu ya mfuniko wa kioo haimpi chura vitamini D3. Anaipata kwenye unga. Vidole vinavyotetemeka, au miguu inayokakamaa ukifungua mlango, ni dalili ya kalsiamu kushuka. Hiyo ni ya daktari siku hiyo hiyo.

Wanagombana

Kwa D. tinctorius, jike hupigana na jike: mmoja humpanda mwenzake mgongoni na kumkandamiza kwenye majani, tena na tena, hadi wa chini aache kula. Mchezo wa dakika moja wa kupanga mipaka waache. Anayekandamizwa kila siku, au anayekaa juu ya kioo pembeni muda wote, mtoe leo. Jozi moja inatosha. Ukitaka kundi, panga tangu mwanzo kufuga D. leucomelas au Phyllobates terribilis katika tangi kubwa zaidi. Kuchanganya spishi ili kupata rangi nyingi sipendekezi kwa hali yoyote: huambukizana, huzaana machotara, na mmoja hushinda chakula.

Anakaa majini, ngozi inachubuka

Chura wa mishale si mwogeleaji. Akikaa kwenye kisahani cha maji saa nyingi, kwanza angalia kama tangi ni kavu au lina joto. Baada ya hapo fikiria maambukizi. Kuvu ya amfibia, Batrachochytrium dendrobatidis, iliyoelezwa kisayansi 1999, hukaa vizuri kwenye joto lile lile tunalowawekea vyura hawa. Dalili zake ni kuchubuka ngozi mara kwa mara, uzembe, kukaa miguu imetandazwa na tumbo kuwa jekundu. Kwa macho haithibitiki. Hupimwa kwa pamba inayopitishwa kwenye ngozi na kupelekwa maabara kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kuvu hiyo. Kila chura mpya akae karantini siku 30 hadi 60 kwenye boksi la karatasi, na pamba hiyo ichukuliwe kabla hajaona tangi.

Acha kujaribu mwenyewe, piga simu kwa daktari ukiona:

- mtukutiko au miguu kukakamaa
- utumbo umetoka nyuma. Mweke kwenye karatasi safi yenye maji, usiusukume ndani
- mwili umevimba ghafla kama puto
- tumbo na mapaja mekundu
- hajala siku tatu akiwa tayari amekonda
- vyura wawili wanaumwa kwa wiki moja

Mtafute daktari huyo kabla ya kununua vyura. Wengi hutibu mbwa na paka tu, na saa tisa usiku si wakati wa kuanza kuuliza. Wakati huo huo dai karatasi za asili ya chura: vyura wa mishale wamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na muuzaji mwaminifu atakuambia alikozaliwa bila kusitasita.

Chura akifa

Mfunge kwenye mfuko na karatasi yenye unyevu, mweke kwenye friji, si kwenye sehemu ya kugandisha, umpeleke akapasuliwe mapema iwezekanavyo. Barafu huharibu nyama na uchunguzi hauoni kitu. Hadi majibu yatoke, usilete mwingine kwenye tangi hilo, usihamishe mmea, jani wala koleo kutoka humo kwenda tangi jingine, na maji unayovuta kwenye kokoto yatie dawa ya kuulia vijidudu yenye klorini kabla ya kuyamwaga, na yasimwagwe mtaroni au bustanini ambako vyura wa mwituni hunywa.